Kiputo kimoja kwenye kioo cha mbele, na fundi asiyeambilika

Kila nikikaa kwenye usukani jicho linakimbilia palepale. Kiputo. Kidogo kama punje ya mtama, ila jua likikipiga kinameta utadhani kinanicheka.

Lori la mchanga lilinirushia kokoto nikitokea Chalinze. Ikaacha nyota yenye miguu mitatu, yote ingefunikwa na sarafu ya mia mbili. Watu wakaniambia usibadilishe kioo, kuna mafundi wanajaza gundi. Nikaenda, tena gari nimetoka kuliosha asubuhi ileile. Hilo kosa ni langu, maji yakishaingia kwenye ufa gundi haishiki vizuri. Lakini fundi hakuuliza wala hakukausha.

Akafunga kidude chake chenye sindano juu ya ufa, saa saba mchana, kioo kimechemka hadi hukigusi. Nikamwomba kwa upole tusogee chini ya mwembe.

"Dada, wewe endesha tu. Vioo niachie mimi."

Haya, nikamwachia. Sasa kazi yote ya kidude kile ni kuitoa hewa. Ufa una mlango mmoja: gundi inapoingilia ndipo hewa itokee. Kwa hiyo unavuta kwanza, ndipo unasukuma gundi, unavuta tena, unasukuma tena, huku unaangalia miguu ya nyota ikififia mmoja mmoja. Huyu alisukuma mara moja, akaenda kumalizia soda yake. Na gundi hiyo hugandishwa na miale ya jua! Hewa ikafungiwa ndani hata haijapewa nafasi ya kutoka. Akakwangua kwa wembe, akapangusa, mkono wa malipo ukanyooka.

Nikatoa kioo cha poda kwenye mkoba, nikaingia garini, nikakishika nyuma ya ufa. Miguu miwili imejaa. Wa tatu unameta kwenye ncha. Nikamwita aje aone. Akachungulia kama anayepita njia: "Hiyo ni rangi ya kioo."

Rangi ya kioo! Kioo nilichokitazama miaka yote hii kwenye foleni za Barabara ya Mandela!

Nilitaka niishie hapo. Lakini baadaye nilimpata mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, akakipima kwa ukucha na kukimulika tochi. Akasema gundi ikishaganda hewa haivutiki tena. Labda atoboe upya palepale, na kutoboa nako kunaweza kuurefusha ufa. "Mama, umeshika. Uache." Hakuchukua hata shilingi. Na kweli, tangu hapo nimepita mashimo ya kila namna, kiyoyozi ndani na joto nje, ufa haujasogea hata unywele. Kwa hiyo kazi imefanyika, siwezi kudanganya. Hata ikijazwa vizuri alama kidogo hubaki. Labda yule fundi wa kwanza nilimkasirikia zaidi kwa lile neno lake kuliko kwa kiputo. Nendeni basi, ila asubuhi na mapema, gari likiwa kavu, na kioo cha poda mkononi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika hadi juzi. Juzi nikapita pale mchana. Gari la mtu liko juani katikati ya uwanja, kidude kimening'inia kwenye kioo, mwembe hauna mtu chini yake, na yeye kakaa kibarazani na soda.

Nimefuta. Msiende.