Vitabu vya kale vya Kiingereza vya kujifunza sataranji: kipi ununue kwanza

Mpenzi wa sataranji akianza kutafuta vitabu vya zamani, jina la kwanza analokutana nalo ni William Caxton. Kitabu chake, The Game and Playe of the Chesse, alikipiga chapa Bruges karibu mwaka 1474, nacho ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa kuchapwa kwa Kiingereza. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kama nia yako ni kujifunza kucheza, mimi nakiweka mwisho kabisa. Ni mawaidha ya mtawa Jacobus de Cessolis yaliyotafsiriwa, ambamo kila kete inasimamia watu wa tabaka fulani: askari mmoja ni mkulima, mwingine mhunzi, mwingine mwenye nyumba ya wageni. Kuhusu namna kete zinavyosogea utapata kidogo tu, tena kwa kanuni za zamani, malkia akiwa bado mnyonge. Toleo la pili, la karibu 1483, lina picha za kuchongwa kwenye mbao. Linunue kwa ajili ya picha hizo.

Cha kwanza kwangu ni cha Philidor. Mfaransa huyu alikuwa mtunzi wa muziki, na kitabu chake kilitoka London mwaka 1749 kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza mwaka 1750. Kabla yake vitabu vilikuonyesha mitego. Yeye alieleza kwa nini unasogeza kete hii na si ile, na akasema wazi kwamba askari ndio roho ya mchezo. Nilipokisoma ndipo nilipoacha kuwatoa askari wangu kama sadaka zisizo na hesabu. Michezo yake ni michache, lakini kila mmoja ana maelezo ya kutosha kukaa nao wiki nzima. Ukiweza, tafuta tafsiri ya toleo la 1777, kwa kuwa mwenyewe alilipanua.

Cha pili ni michezo ya Greco, Mwitaliano aliyekufa mapema na kuacha daftari zake. Francis Beale aliitoa London mwaka 1656 kwa jina The Royall Game of Chesse-Play. Ni michezo mifupi na mikali, na kosa moja linaadhibiwa papo hapo. Kwa anayeanza hakuna mwalimu bora wa mashambulizi. Tatizo ni maandishi: kila hatua imeelezwa kwa maneno marefu yanayochosha. Kwa hiyo pesa yako ipeleke kwenye tafsiri ya William Lewis ya 1819, ambayo inasomeka kwa urahisi zaidi.

Cha tatu nakipenda kwa sababu ya ziada. Philip Stamma alikuwa mwenyeji wa Halab, Syria, na neno letu sataranji limetoka katika Kiarabu hichohicho alichokulia. Kitabu chake, The Noble Game of Chess, kilitoka London mwaka 1745, na kina hali 100 za mwisho wa mchezo za kufumbua. Humo miraba imetajwa kwa herufi a hadi h na namba 1 hadi 8, kama tunavyoandika leo. Jihadhari na jambo moja: kete nazo amezipa herufi, kufuata safu zilikoanzia, kwa hiyo kurasa za mwanzo zitakuchanganya. Philidor alimshinda mwaka 1747, lakini mafumbo yake bado yananoa jicho.

Kapteni Bertin, 1735, ana kanuni fupi 19 zinazofaa kukaririwa. Kitabu cha Rowbothum cha 1562 ni kile cha Damiano, Mreno aliyeandika juu ya sataranji, kilichopita Kifaransa kabla ya kufika Kiingereza. Arthur Saul, 1614, ni wa kusoma kwa udadisi: kwake ukimzuia mfalme wa mwenzako asiwe na pa kwenda bila kumpa shaha (yaani bila kumshambulia moja kwa moja), wewe ndiye umeshindwa. Usiende na kanuni hiyo mashindanoni.

Nakala halisi ni za maktaba na minada. Tutakazonunua sisi ni chapa za nakala zilizopigwa picha, na hapo ndipo wengi huumia. Niliwahi kuagiza moja ikanifikia na kingo za kurasa zimekatwa, safu nzima ya hatua haipo. Kabla ya kulipa, omba picha za kurasa tatu za katikati, na uhakikishe ni picha za kitabu chenyewe. Yale maandishi yaliyosomwa na kompyuta yaepuke: s ya zamani iliyo ndefu husomwa kama f, na ukurasa wa hatua ukiharibika hivyo haurekebishiki. Matoleo mengi ya haya yapo bure kwenye Internet Archive na Google Books. Pakua kwanza, cheza michezo mitatu ubaoni, kisha ndipo uamue kama unataka kukishika mkononi.