Tope la Mtambo wa Bayogesi Shambani: Uzoefu Wangu wa Misimu Miwili

Nilipojenga mtambo wa bayogesi, unaoozesha samadi ili kutoa gesi ya kupikia, mawazo yangu yote yalikuwa jikoni. Tope jembamba la kahawia linalosukumwa nje kila ninapoingiza samadi mpya nililiona kuwa usumbufu wa kutafutiwa pa kumwaga. Leo, baada ya kulitumia kama mbolea kwa misimu miwili, nathubutu kusema kwamba limenifaa kuliko gesi yenyewe, ingawa lilinimalizia kitalu kizima cha miche kabla sijalielewa.

Tope lililoiva halinuki kama samadi mbichi wala halikusanyi nzi, na ukilichota mkononi hukuti mabaki ya majani. Likitoka likiwa na harufu kali na linaendelea kutoa mapovu, ujue samadi haikukaa ndani muda wa kutosha, jambo lililonipata nilipokuwa na pupa ya gesi na kuulisha mtambo kupita kiasi. Sasa nachanganya samadi na maji ndoo kwa ndoo, na siongezi zaidi ya kipimo cha siku.

Siri ya mbolea hii ni kwamba kinachoondoka kama gesi ni methani na kabonidayoksaidi, ilhali virutubisho vya mmea, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu, hubaki karibu zote ndani ya tope. Tena, sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwa imefungwa ndani ya samadi hugeuzwa na bakteria kuwa amoniamu, ambayo mmea huweza kuitumia bila kusubiri samadi ioze kwanza. Kabichi zangu zilizokuwa zimepauka zilianza kurudisha kijani katika wiki ya pili, na magugu hayakufumuka kama nilivyozoea nikiweka samadi ya zizini, kwa kuwa mbegu nyingi za magugu hufia mtamboni.

Hata hivyo, nguvu hiyo hiyo ndiyo iliyoniunguzia miche ya nyanya. Nililimimina bila kulichanganya na maji, moja kwa moja kwenye mashina, saa sita mchana. Kesho yake ncha za majani zilikuwa zimekauka kama zilizopitiwa na moto. Siku hizi kwa miche naweka sehemu moja ya tope kwa sehemu mbili za maji, namwagilia jioni kwenye kijifereji kilicho pembeni ya shina, kisha nafukia papo hapo. Kufukia si urembo, kwani ile amoniamu hugeuka kuwa amonia, gesi inayopotea hewani haraka tope likiachwa wazi kwenye jua na upepo.

Hapo ndipo penye lawama yangu kwa fundi aliyenijengea. Shimo la kupokea tope alilichimba mahali peupe, bila kivuli wala kifuniko, nami nikadhani kulianika ni njia nzuri ya kulipunguzia uzito. Kila nilipoinama juu ya shimo pua iliwasha, na sikujua kwamba ninachonusa ni mbolea yangu inayoondoka. Mahindi niliyoyawekea tope lililokaushwa juani hayakuonyesha tofauti ya maana na yale yasiyowekewa kitu. Nimekwisha kuliezekea shimo hilo, nami natumia tope kabla halijakauka kadiri ninavyoweza.

Kero isiyo na dawa ya haraka ni ubebaji. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za tope ni maji, kwa hiyo katika ndoo ya lita 20 vitu vikavu havifiki kilo 2, na mgongo unalipia zilizobaki. Kwa bustani iliyo jirani na mtambo, mfereji mmoja wa mteremko unatosha. Kwa shamba la mbali nimeacha kabisa kubeba tope. Nalimwaga kwa tabaka juu ya mabua na majani makavu, ambayo hulinyonya na kuzuia sehemu ya ile amonia isipotee, na baada ya miezi michache napakia torolini mboji nyeusi inayofumbatika. Kwa mboga za kuliwa mbichi pia natumia mboji hiyo, nayo naichanganya na udongo kabla ya kupanda, kwa sababu mtambo usiopashwa joto hupunguza vimelea vya magonjwa lakini hauvimalizi.