Pete ya almasi: daraja gani la usafi la kulipia, na lipi la kuacha

Duka lilikuwa dogo, ndani ya soko la dhahabu la Deira, Dubai, na taa zake za dari zilimulika kama uwanja wa mpira usiku. Muuzaji aliweka mbele yetu mawe mawili ya duara, kila moja karati 0.70, karati ikiwa kipimo cha uzito wa jiwe. Cheti cha moja kilisema daraja la usafi ni VVS1, cha pili SI1. Nikamwomba tutoke nayo hadi mlangoni, kwenye mwanga wa kawaida. Mpwa wangu, ambaye pete ilikuwa yake, akayatazama kwa umbali wa mtu anayesoma gazeti, akayabadilisha mikono, kisha akaniuliza, "Mjomba, lile la bei ni lipi?"

Hata mimi sikujua, mpaka nilipochukua lenzi.

Madaraja yenyewe ni 11, na yameenezwa na GIA, taasisi ya vito ya Marekani, tangu miaka ya 1950. Kutoka safi kabisa hadi lenye dosari nyingi, ni FL, IF, VVS1, VVS2, VS1, VS2, SI1, SI2, I1, I2 na I3. Mpimaji hulitazama jiwe kwa lenzi inayokuza mara 10, akaangalia ukubwa wa dosari, wingi wake, mahali ilipo, aina yake na jinsi inavyojitokeza. Ikumbuke hiyo mara 10. Mama mkwe hatakuja na lenzi.

Kwa pete ya uchumba ya kawaida, jiwe la duara lisilofika karati moja na nusu, mimi nayapanga hivi.

Ya kwanza ni VS2. Dosari ipo, lakini mtaalamu mwenye lenzi ndiye anayeipata, tena kwa kuitafuta. Kwa jicho tupu ni nadra mno kuona kitu. Anayenunua kwa picha za mtandaoni, au anayemtuma ndugu aliyeko Muscat amchukulie, asihangaike na mengine.

Ya pili ni SI1, na ingekuwa ya kwanza kama kila mnunuzi angepata nafasi ya kulishika jiwe. Hapa ndipo herufi za cheti zinapodanganya. Ile SI1 ya Deira ilikuwa na unyoya, yaani ufa mdogo mweupe, pembeni kabisa, mahali ambapo ukucha wa pete, kile kijino cha chuma kinachoshika jiwe, ungeufunika. Niliwahi kuona SI1 nyingine yenye kipunje cheusi katikati ya uso wa jiwe, yaani ule upande bapa wa juu, na pande za chini zikikirudisha mara nne, mara tano, utadhani sisimizi amefungiwa kwenye chumba cha vioo. Daraja ni lilelile, ila jiwe la pili nisingelipokea hata kwa punguzo. Kwa hiyo ukiangalia SI1 tafuta dosari nyeupe, ya pembeni, isiyo chini ya uso. Unyoya mdogo wa ndani hauna neno. Ule mkubwa unaofika hadi kiunoni, yaani ukingo mwembamba unaozunguka jiwe, uuogope: sonara akibana ukucha hapo jiwe linaweza kumeguka.

VS1 naipa nafasi ya tatu, ila inapanda hadi ya kwanza ukipenda mkato wa ngazi, ule wa mstatili wenye pande ndefu pana kama madirisha. Mkato wa duara una pande ndogondogo nyingi zinazometameta na kuficha mengi. Wa ngazi hauna pa kuficha. Mawe makubwa, kuanzia karati mbili hivi, nayo yanataka VS1 au VS2, kwa sababu uso ukipanuka dosari nayo inakuwa kubwa.

Nne, SI2. Hii ni kamari. Zipo safi kwa jicho, na aliyezizoea huzipata, lakini soma maelezo ya chini ya cheti. Yakisema daraja limetokana na mawingu ambayo hayakuchorwa kwenye mchoro wa cheti, tahadhari: mawingu ni vinukta vingi vilivyosongamana, na yakizidi jiwe linapooza kama maziwa yaliyotiwa maji.

VVS1 na VVS2 ni za tano. Hazina ubaya wowote, ila unalipia kitu ambacho hata mpimaji hukiona kwa shida. IF na FL ziko nyuma yake, ni za wakusanyaji na za watu wanaotaka kusema wanazo. I1 inaweza kufaa hereni ndogo, maana hakuna anayechungulia sikio. I2 na I3 sizipi nafasi kabisa.

Pesa iliyobaki ipeleke kwenye ubora wa mkato. FL iliyokatwa vibaya haimeremeti, na SI1 iliyokatwa vizuri inamulika hadi ng'ambo ya meza.

Halafu cheti chenyewe. Maabara zinazotoa vyeti hazipimi kwa mkono mmoja. Ukikuta SI3, jua hilo daraja halimo katika ngazi ya GIA, na mara nyingi ni jina la heshima la I1. Mawe ambayo nyufa zake zimejazwa kioo GIA haiyapi cheti, na usiyaguse: siku pete ikienda kwa sonara kupanuliwa, moto unaweza kuharibu ule ujazo na ufa ukarudi. Almasi za maabara nazo, yaani zilizotengenezwa na binadamu, tangu Oktoba 2025, GIA haizipi tena madaraja haya, inazigawa makundi mawili tu, ya juu na ya kawaida. Atakayekuonyesha cheti kipya cha GIA cha almasi ya maabara kilichoandikwa VVS1, muulize kimetoka wapi.

Mawe mengi yenye cheti yamechongwa namba kwenye kiuno kwa leza. Omba lenzi, usome namba mwenyewe, kisha uiingize kwenye tovuti ya maabara ukiwa bado dukani. Muuzaji wa Deira alitupa lenzi bila kuombwa mara mbili. Tulichukua ile SI1, na sonara akauweka ule unyoya chini ya ukucha. Mwezi uliopita mpwa wangu aliniletea pete nimwonyeshe dosari iko wapi, na ilibidi nikatafute karatasi ya cheti kwanza.