Kadi za kale za besiboli: mnada wa posta au maonyesho?

Miaka ya 1970 huko Marekani, mtu aliyetafuta kadi za T206, zile ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli, zilizowekwa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, aliweza kumsubiri tarishi au kufunga safari hadi maonyesho ya wakusanyaji kadi.

Mnada wa posta uliendeshwa kwa orodha iliyochapwa: jina la mchezaji, hali ya kadi, siku ya kufunga. Uliandika dau lako, ukabandika stempu, ukasubiri. Ukishinda, ulituma hundi, na wauzaji wengi hawakuachia kadi mpaka benki ipitishe hundi hiyo. Nauli na hoteli hukulipa, na kadi adimu ilikufikia hata kijijini, jimboni Montana. Shida ilikuwa kutoiona kadi kwa macho kabla ya kununua. Muuzaji akiandika "nzuri sana", ule mkunjo mwembamba wa kona hukuuona mpaka ufungue bahasha. Kwangu hilo ndilo zito kuliko yote, maana mkunjo mmoja tu hushusha bei ya kadi vibaya sana.

Kwenye maonyesho uliigeuza kadi chini ya taa, ukapatana bei papo hapo. Yale ya kitaifa yalianza baadaye, 1980, Los Angeles. Ila ulichokikuta mezani ndicho hicho.

Mkaazi wa jiji kubwa anayejali kona za kadi zisizochakaa, maonyesho yalimfaa. Aliyebakiza kadi tatu kukamilisha seti, naye yuko mbali, posta ilimfaa zaidi, hasa akishampata muuzaji anayerudisha fedha bila ubishi.