Chippendale au Windsor: viti viwili vya mikono vya Uingereza

Vyote viwili vilishamiri Uingereza katika karne ya 18, lakini havina ukoo mmoja.

Kiti cha Chippendale ni cha sebule ya tajiri. Thomas Chippendale, seremala wa London, alichapisha michoro yake mwaka 1754, akichota mitindo ya Ufaransa, ya China na ya makanisa ya kale ya Kigothi. Mbao ni mahogani, nyingi yake kutoka Karibiani. Inashika nakshi nyembamba bila kumeguka, ndiyo maana egemeo lake huweza kutobolewa likafanana na utepe uliofungwa. (Ile miguu yenye ukucha ulioshika tufe, ambayo wauzaji hupenda kuihusisha naye, haimo katika michoro hiyo.)

Windsor hakina mbunifu wa kutajwa. Ni kazi ya mafundi wa vijijini, na baadaye mji wa High Wycombe, Uingereza, ukawa kitovu chake. Miguu iliyokerezwa hupachikwa kutoka chini katika matundu ya kikalio kinene, na fito za mgongo hupachikwa kutoka juu. Kwenye Chippendale, mguu wa nyuma hupanda moja kwa moja ukawa nguzo ya egemeo.

Kwa kutazama, Chippendale. Kwa kukaa jioni nzima nachagua Windsor, japo ni mbao tupu: kikalio chake kimechongwa kumfuata mkaaji.