Kamshafti ya XE262H kwenye Nova ya 1972: uzoefu wangu

Swali ni kamshafti ipi, yaani shafti yenye nundu zinazofungua valvu za injini, ifungwe kwenye gari la mtaani. Kwa wasiopenda kusoma marefu, jibu ni hili: kama una gari la zamani la V8 lenye giaboksi otomatiki na busta ya breki (kifaa kinachousaidia mguu kukandamiza breki), na unaliendesha mtaani, XE262H ya kampuni ya Comp Cams inatosha. Wengi walionunua kubwa kuliko hii wangefurahi zaidi wakiwa na hii. Ndivyo ninavyoona mimi, na sababu ninazo.

Tuanze na gari, kwa sababu kamshafti haichaguliwi peke yake. Yangu ni Chevrolet Nova ya 1972, injini ya V8 ya inchi za ujazo 350. Kuanzia magari ya 1971 General Motors walishusha kompresheni (kiasi ambacho pistoni inabana mchanganyiko wa hewa na petroli) ili injini zikubali petroli yenye risasi kidogo, kwa hiyo 350 za kawaida za miaka hiyo ziko 8.5 kwa 1. Giaboksi ni Turbo 350 ya gia tatu, konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) ni ya kiwandani, uwiano wa difu ni 3.08. Nilikuwa nimeshafunga kabureta ya matundu manne na bomba mbili za moshi, na bado injini ilikuwa inakata pumzi ikikaribia mizunguko 4,000 kwa dakika. Kabureta ilikuwa na uwezo wa kumimina zaidi, ila valvu hazikufunguka vya kutosha kupokea.

Hapo ndipo unapofungua katalogi, na hapo ndipo watu hupotea. Kila kamshafti ina namba mbili za muda wa valvu kukaa wazi, zote zikihesabiwa kwa nyuzi za mzunguko wa krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Ya kwanza ndiyo inayotangazwa, na kwa XE262H ni 262 kwa valvu ya kuingiza na 270 kwa ya kutoa. Tatizo ni kwamba kila mtengenezaji anaanza kuhesabu pale anapotaka, mmoja tapeti (kipande kinachosukumwa na nundu) ikiinuka kidogo tu, mwingine ikiwa imeinuka zaidi. Ukilinganisha 262 ya huyu na 270 ya yule unaweza kuwa hujalinganisha chochote. Namba ya kufuata ni ya pili, inayopimwa tapeti ikiwa imeinuka inchi 0.050, kwa sababu hiyo wote wanaipima sehemu moja. Hapo XE262H inasoma 218 na 224. Kamshafti iliyofungwa kwenye 350 nyingi za kawaida za kiwandani inasoma 195 na 202. Valvu nayo inanyanyuliwa inchi 0.462 na 0.469, wakati ya kiwandani ni 0.390 na 0.410. Kwa hiyo ingawa katalogi inaiweka upande wa kamshafti ndogo, hii si hatua ndogo hata kidogo.

Namba ambayo wauzaji hawaizungumzii ni saa ya kufunga valvu ya kuingiza. XE262H inaifunga nyuzi 57 baada ya pistoni kufika chini, yaani pistoni imeshaanza kupanda na mlango bado uko wazi. Injini ikizunguka kwa kasi hilo lina faida, maana hewa inakuja na mwendo wake na inaendelea kujaza silinda. Ikizunguka polepole, hewa inarudishwa ilikotoka, ni kama kupuliza puto ambalo hujalibana mdomo. Kompresheni uliyonunua ni 8.5, lakini inayobaki kazini ni pungufu ya hapo. XE274H, kamshafti kubwa zaidi ya familia hiyo hiyo ambayo ndiyo niliyoshauriwa kwanza, inaifunga kwenye nyuzi 63. Nyuzi sita zinaonekana kitu kidogo, lakini kwenye injini yenye kompresheni ya chini utazisikia kila taa ya barabarani ikigeuka kijani.

Kuna pia kipindi ambacho valvu mbili za silinda moja ziko wazi pamoja. Kwa XE262H ni nyuzi 46, kwa XE274H ni 60. Huo ndio mlio ambao watu wanautafuta, ule wa injini kuyumba-yumba gari likiwa limesimama. Mlio ni mtamu, sibishi. Lakini mlio huo huo ndio unaokula vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, na vakyumu ndiyo inayoendesha busta ya breki. Muuzaji niliyezungumza naye alinieleza mlio kwa dakika nzima na hakuniuliza difu yangu ni ngapi. Nikaagiza kwingine.

Kwenye kununua, chukua seti: kamshafti, tapeti mpya na springi zinazoendana nayo. Tapeti zilizotumika hazirudishwi kwenye kamshafti mpya, kwa sababu kila tapeti na nundu yake huzoeana kwa kusagana. Springi za kiwandani hazikutengenezwa kwa kimo hiki. Kabla ya kufunga hedi, fundi wangu alipima kama kibakuli cha juu cha springi kinaacha nafasi juu ya sili ya valvu, na kama springi yenyewe haibanani koili kwa koili valvu ikiwa wazi kabisa. Pima na wewe, hata ukiambiwa inaingia bila shida. Kuichomeka ni kazi ya mbele ya injini: rejeta inatoka, kava ya cheni inatoka, manifoldi ya juu inatoka ili tapeti zipatikane. Tulitumia gurudumu la nyuzi, duara lenye alama za nyuzi linalofungwa kwenye krankshafti, kuhakikisha imekaa sawa na karatasi ya vipimo iliyokuja nayo, na ilikaa.

Sasa dakika za kwanza. Hii ni kamshafti ya tapeti bapa, zisizo na rola, na aina hii huokolewa au huharibiwa siku ya kuwashwa. Nundu imechongwa kwa mteremko mdogo sana na uso wa tapeti una mbinuko usioonekana kwa macho. Lengo ni tapeti izunguke kila inapoguswa. Isipozunguka inasagika sehemu moja, na vumbi la chuma linatembea injini nzima. Kwa hiyo: paka grisi ya kamshafti kwenye nundu zote, jaza mafuta yaingie kwenye mfumo kwa kuzungusha pampu kwa drili, weka taimingi ya moto (wakati wa cheche kuwaka) karibu na mahali pake ili isisumbue kuwaka. Ikiwaka tu, ipandishe kati ya 2,000 na 2,500 na uibakize humo, ukipanda na kushuka kidogo, kwa takriban nusu saa. Usiiache kwenye sailensa, yaani mzunguko wa chini wa gari lililosimama, hata kwa heshima ya majirani. Sababu ni kwamba nundu hizi zinapata mafuta kwa kurushiwa na krankshafti, na krankshafti ikizunguka polepole hairushi vya kutosha.

Na mafuta yenyewe si yoyote. Tangu kiwango cha mafuta ya injini cha API SM cha mwaka 2004, mafuta mepesi kama 5W-30 yanatakiwa fosforasi isizidi asilimia 0.08, ili kulinda vichujio vya moshi vya magari ya kisasa. Fosforasi hiyo inakuja pamoja na zinki, na ndiyo kinga ya nundu na tapeti bapa. Kwa kuwashia nilitumia mafuta maalumu ya injini mpya, na sasa natumia yale yanayouzwa kwa ajili ya magari ya zamani. Ni gharama ambayo haiandikwi kwenye boksi la kamshafti.

Barabarani? Chini ya mizunguko 1,500 imelegea kidogo ukilinganisha na ya zamani, na asiyejua gari hili hatagundua. Kutoka 2,000 inavuta, na inaendelea kuvuta mpaka 5,000 na ushee bila ule mkato wa pumzi. Konvata ya kiwandani inaikubali. Taimingi ya mwanzo niliipandisha mpaka nyuzi 12, na hapo ndipo sailensa ilipotulia. Nikaweka kikomo cha distributa, kifaa kinachogawa cheche, ili jumla ya taimingi isipite nyuzi 36. Breki zinabonyea kama kawaida, ingawa sindano ya vakyumu inasoma chini kuliko zamani na inatetemeka kidogo. Mlio upo, wa wastani, mtu anayejua injini anageuka.

Kelele ya juu ya injini imeongezeka, ka-ka-ka laini kama ya tapeti inayotaka kurekebishwa. Nundu za aina hii zinafungua na kufunga valvu kwa haraka, na haraka hiyo inasikika. Nilikaza tapeti upya, nusu mzunguko baada ya uchezaji kuisha, ikapungua bila kwisha. Anayetaka ukimya wa gari la kifalme hii si yake.

Mwenye giaboksi ya kukanyaga klachi, difu ya 3.73 na kompresheni inayozidi 9.5 anaweza kupanda hadi XE268H, iliyo kati ya hizi mbili, bila wasiwasi, maana gari jepesi kuondoka linasamehe udhaifu wa chini. Mwenye gari zito la kuvuta trela abaki hapa hapa au ashuke. Na ukikuta 350 iliyotengenezwa kuanzia 1987, angalia kwanza kama bloku ina nafasi ya tapeti za rola. Ikiwa nayo, hadithi yote ya grisi, nusu saa na zinki haikuhusu, na mimi mwenyewe ningechukua njia hiyo.