Mkopo wa nyumba kwa sisi wa kihambani (shamba la ukoo la Wachagga), msilipe mthamini kabla hamjasoma hii

Jamani nimetoka benki Moshi mjini juzijuzi tu na bado nikikumbuka mkono unatetemeka. Jina la benki sitaji, mume wangu kanikataza.

Mimi ni mwalimu, nafundisha huku Kibosho, mshahara unapitia kwao haohao mwaka wa ngapi sijui. Tuna boma limefika lenta tangu mtoto wa pili hajazaliwa, sasa yuko darasa la tatu na miti ya kupaulia imeliwa na mchwa. Nikasikia redioni mkopo nafuu wa nyumba, serikali iko nyuma yake, hata wa kijijini karibuni. Nikasema Mungu huyu hapa.

Mambo ya fomu na barua ya mtendaji siwachoshi. Ile ya theluthi ya mshahara kubaki baada ya makato nilipita vizuri tu, sina mikopo ya kausha damu mie. Mume akasaini ridhaa, shemeji zangu wakakaa kikao cha ukoo wakaandika muhtasari (kreti mbili za bia na ndoo ya mbege, hiyo nayo muiweke kwenye gharama), hati ya kimila tunayo na mihuri yote ya kijiji. Nikaambiwa lipia mthamini, nikalipa laki mbili na nusu. Akaja, akazunguka kwenye migomba, akapima boma, akapiga picha mpaka kaburi la baba mkwe.

Siku ya majibu nimekaa pale toka saa tatu mpaka saa saba. Afisa mikopo ni kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha, shikamoo hamna, anasukuma faili langu kwa ncha ya peni kama anasogeza panya aliyekufa. "Madam, hili ni shamba la migomba lenye makaburi, nani atanunua?" Na mwenzake wa meza ya pili akacheka. Akacheka kabisa!

Kwa ncha ya peni. Faili limebebwa kwenye rambo lisilowe mvua, lina saini za wazee watano.

Nikamwambia yule afisa, "Mwanangu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua hii hati na rehani inawekwa." Akanijibu sheria inaruhusu sawa ila "sera yetu" ni kiwanja kilichopimwa, niende nikanunue mjini nianze upya. Kwa hela gani wewe mtoto?

Ila ngoja niseme ukweli. Usiku nikawaza, hivi ningeshindwa kulipa, dalali wa mnada angepandaje Kibosho kuuza kihamba cha watu? Mume wangu ndiye kitinda mimba, ndo maana kile kihamba kikabaki kwetu, na baba yake kalala palepale nyuma ya boma. Shemeji zangu wangemtoa mbio na mapanga na mimi ningewashikia tochi. Sasa benki ikopeshe kwa kitu ambacho hata mimi mwenyewe sikubali kiuzwe? Hata hizo hela nasikia nyingine wanakopa TMRC, ile kampuni ya 2010 inayozikopesha benki ili nazo zitoe mikopo ya nyumba ya miaka mingi, kwa hiyo nao wana mtu wanamwogopa. Nilishaweka nyota moja, nikafuta nikaweka tatu.

Halafu nikakumbuka laki mbili na nusu. Hati waliiona siku ya kwanza, imeandikwa juu kabisa kwamba ni ya kimila, wakatoa kopi wenyewe! Kama sera ndo hiyo mlinipeleka kwa mthamini kufanya nini, kuhesabu ndizi? Nyota moja imerudi palepale.

Ndugu yangu wa Usa River kapata kwenye benki hiyohiyo, ana kiwanja kilichopimwa, tena anawasifu eti riba inavumilika. Sawa, mwenye hati ya wizara aende, sitamzuia. Wa kihambani mwenzangu muulize kwanza, na wakujibu kwa maandishi.

Nimeomba nakala ya ripoti ya uthamini nikaambiwa ni mali ya benki. Nimelipia mimi! Jumatatu nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nashuka na daladala ya kwanza, na peni yangu naenda nayo.